Taa Yangu Iliwaka Sijabonyeza

Kamera ilikuwa mezani. Mimi nilikuwa nafuta jasho. Taa ikawaka yenyewe, paah!

Mama mmoja wa mstari wa mbele alisogeza kiti chake, akanitazama kama nimekuja na jini.

Ngoja niwaanzie mbali kidogo. Naitwa Odilia, napiga picha Kasulu. Mwalimu Ghati, mkuu wa sekondari moja ya Kibondo, alituita watu wawili kwenye mahafali: mimi na Melkiadi wa palepale Kibondo. Mwenye picha nzuri ndiye angepewa kazi za shule mwaka mzima. Kazi hiyo niliitaka kufa na kupona.

Mahafali shida yake ni jua la saa saba. Wahitimu wako chini ya turubai, nyuma yao mwanga mkali, sura zinatoka nyeusi tii. Kile kiflashi cha juu ya kamera hapo ni kibatari tu.

Sasa nani alinishauri taa ya kununua? Melkiadi. Tulisoma darasa moja, nikamwamini. Mimi nilitaka ndogo, ya kubeba kwenye bodaboda. Akakataa katakata.

"Jua la Kibondo halitaki utani, dada."

Nichukue kubwa ya betri, ya kampuni aliyoitaja yeye, na mipangilio ya kiwandani nisiiguse.

Nikauza pikipiki yangu, nikainunua. Nikapanda nayo basi hadi Kibondo, nimeipakata.

Siku ya siku Melkiadi kaja na kamera tu, na kidude kidogo juu yake. Nikamwonea huruma jamani. Hadi soda nilimnunulia.

Vyeti vikaanza. Mwanafunzi akishika cheti, taa inawaka kabla yangu. Nikibonyeza mimi, ndiyo kwanza inajikusanyia nguvu. Picha giza. Nikajua nimerogwa, nikaanza kusali kimoyomoyo.

Kwenye mwanafunzi wa themanini betri ikakata. Melkiadi akashusha kamera, kakasirika kabisa.

"Dada Odilia, mbona umenizimia taa?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kile kidude kilikuwa rimoti ya kuwashia taa, ya kampuni ileile, kwenye chaneli ileile ya kiwandani. Mzigo wote ule nilibeba kummulikia yeye.

Kazi akapewa Melkiadi. Mwalimu Ghati akamsifu mbele yangu kwamba huyu kijana anaijua taa. Niliumia, siwadanganyi.

Wiki iliyofuata Melkiadi akanipigia simu. Kuna mahafali shule ya jirani, mgeni rasmi Mwalimu Ghati, nije na ile taa na nisibadilishe kitu. Hata aibu hana.

"Ego," nikamwambia, ndiyo ya Kiha hiyo. "Nakuja."

Nikaenda kweli. Ila safari hii nilikuwa nimesoma kile kijitabu cha kwenye boksi, nikahamia chaneli ya kumi na tatu.

Melkiadi alibonyeza mpaka kidole kikachoka. Mwalimu Ghati akaomba kuona picha, akamuuliza leo ujuzi wake wa taa umekwenda wapi. Jamaa akanitazama mimi.

"Jua la Kibondo halitaki utani, kaka," nikamjibu.

Ndugu zangu, mtu akikuchagulia taa, muulize kwanza yeye atapigia nini. Na kijitabu cha kwenye boksi kisome. Mimi kilinigharimu pikipiki.