Mwiba wa Mgongo Wazi

Enzi zetu pale Nyamasaria tulikula mlango ukiwa umerudishwa. Jirani akibisha, sahani zilifunikwa kwanza. Dani, yaani nyanya yangu, alishuku kila jicho. Alisema kuna watu wakikutazama ukila, chakula kinakugandia ndani.

Nikiwa darasa la tatu, nilidokoa mgongo wazi uliotengewa Baba. Ile mifupa ya samaki aina ya mbuta, iliyokaangwa baada ya mnofu kuondolewa, ikalia kwenye meno, unaikumbuka, utamu wake wote umejificha kati ya miiba. Nikasikia hatua za Mama, nikameza kila kitu. Mwiba ukanasa kooni. Nilibugia matonge ya ugali bila kutafuna, dawa ya kila nyumba siku zile, maumivu yakapungua. Nikajiona mjanja sana.

Wiki mbili baadaye shingo ilivimba, homa ikapanda, hata mate hayakupita.

"Nani alikuona ukikula?" Dani akaniuliza.

Niliogopa kiboko cha wizi kuliko ugonjwa. Nikamtaja Mama Awuor, jirani aliyenipa njugu kila nilipotoka shule.

"Nilijua. Huyo mama ako na macho."

Tangu hapo hakuna aliyeitikia salamu yake. Mama alizitupa njugu zake zote jalalani. Lakini asubuhi moja nilipoanza kukosa pumzi, Mama Awuor ndiye aliyeingia bila kubisha, akaniweka mgongoni.

"Mtanishuku baadaye," alimwambia Dani. "Huyu mtoto hapumui."

Hospitalini daktari alitoa usaha, kisha mwiba mdogo kama ukucha. Akauliza umekaa humo muda gani. Nikaangalia ukuta.

Dani aliugeuza ule mwiba kiganjani, akasema, "Hata mwiba unaweza kutumwa." Mimi nilikuwa nimepona, sauti ninayo, na bado nikanyamaza. Kabla ya muhula kuisha Mama Awuor alihama, wengine walisema Kisian. Naona aibu hadi leo.

Siku hizi watoto wangu hula mnofu mtupu. Ukiwapa kichwa cha samaki wanauliza kwa nini kinawaangalia. Jirani wa ukuta mmoja hawamjui hata jina, kwa hivyo hawana wa kumshuku, wala wa kuwabeba. Wananicheka ninavyorudisha mlango kabla ya kula, wakidhani naogopa macho. Ninachoogopa ni Mama Awuor kupita siku moja, anisalimie kwa jina.