Verlene Tatum Alikiri Apate Kwenda Nyumbani

Nimefagia mahakama ya kaunti yetu hapa Mississippi miaka kumi na tisa, na anayeniambia kwamba mle hutafutwa ukweli namwona hajawahi kushika ufagio mle.

Jirani yangu Verlene Tatum alikuwa akiwaogesha na kuwatunza wazee majumbani mwao. Hakujua kazi nyingine, wala hakuitaka. Siku moja vidonge vya maumivu vya Bi Eudora, mzee aliyekuwa akimhudumia, vikapotea, na binti wa bibi huyo akaita polisi. Verlene alikaa rumande siku kumi na moja, huku mama yake kipofu akiletewa chakula na mke wangu.

Siku ya kesi alipewa wakili, Bwana Pruitt, anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo. Asubuhi hiyo alikuwa na watu thelathini na wanne wa kuwatetea. Nilikuwa napiga deki kwenye korido alipomfikia.

"Ukikiri, leo unalala kwako, kifungo cha nje mwaka mmoja. Ukikataa, unarudi ndani kungoja raia kumi na wawili wasikilize kesi yako na kuiamua. Labda mwezi wa tano."

"Hii si Januari, Bwana Pruitt? Na mimi sikuchukua kitu."

"Nakuamini, dada. Lakini sijakuuliza hilo."

"Na kazi yangu je?"

"Hilo si la mahakama hii."

Jaji humuuliza kila anayekiri kama kuna aliyemlazimisha. Sote tunajua jibu ni moja tu. Ukitoa jingine, makubaliano yanavunjika na unarudishwa rumande. Verlene aliapa, akasema hakulazimishwa, akasema vidonge alivichukua. Dakika nne, basi.

Mwezi haukuisha, ofisi ya vibali ikamwandikia kwamba mwizi haruhusiwi kutunza wazee. Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, haki wakabaki nayo.

Aprili, binti wa Bi Eudora akavikuta vidonge kwenye mfuko wa koti la mama yake. Alikuja kwa Verlene akilia, nikawapeleka wote wawili kwa Pruitt.

"Uliapa kwamba ulivichukua," Pruitt akamwambia Verlene.

"Si wewe uliyeniambia nikiri?"

"Na jaji alipokuuliza kama umelazimishwa, ulimjibuje?"

Pruitt si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Naweza kuomba kesi ifunguliwe upya," akasema. "Lakini jaji atataka kujua siku gani ulidanganya, ile au hii. Usitegemee sana."

Tulipotoka, yule binti akamshika Verlene mkono. "Mama anakuulizia kila siku. Hataki kuogeshwa na mtu mwingine. Nimwambie nini?"

"Mwambie siruhusiwi kumgusa," Verlene akasema, akautoa mkono wake.