Fomu Ishirini na Mtaro Mmoja

Mnisamehe mapema. Mwandiko wangu umelalia upande kama nguo zilizoanikwa penye upepo, na herufi nyingine nimeziruka bila kujua, kwa kuwa mimi niliishia darasa la nane na haya mnayoyasoma yamenichukua siku nne kuyaandika. Lakini aibu yenyewe siwezi kuisimulia kwa mdomo, maana mbele za watu ulimi wangu hukauka. Kwa kalamu, angalau, hakuna anayenitazama.

Nafanya kazi katika taasisi moja ndogo hapa Mji wa Kale, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kazi ya taasisi ni kuchunguza mambo ya nchi za ng'ambo, nani kakosana na nani, nani ajenga bandari, nani anunua silaha, kisha yote yanatiwa kwenye vitabu vinene ambavyo (nasema kwa heshima) sijapata kumwona mtu akivifikisha mwisho. Mimi nilikuwa nafagia na kupika chai. Mkubwa wetu ni Daktari Kilonzo, mtu wa bara, mwema, mwenye elimu tele, ila salamu hana. Hubisha hodi, na mlango ukifunguliwa tu, "Mama, una maoni gani kuhusu mvutano wa Ghuba?" Hata hajauliza mtu ameamkaje! Watu wa mtaa wa Kibokoni wakawa wakimwona kupitia dirishani hawafungui.

Basi siku moja akaniita. "Mwanaisha, wewe ni mtoto wa hapa. Chukua fomu hizi ishirini, kawaulize wazee wenye jamaa ng'ambo: zile nchi mbili zinazogombania bandari zitapatana au hazitapatana?" (Nchi zenyewe sizitaji, nimeshaharibu ya kutosha.) "Ukifanya vizuri utaacha ufagio. Nitakupa meza, na kiti chako mwenyewe."

Kiti! Muelewe kwamba mle ofisini kila mtu alikuwa na kiti cha kuzunguka isipokuwa mimi, niliyekuwa nakalia ndoo niliyoifudikiza. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Sasa, Daktari hana salamu, lakini mimi ninazo kupita kiasi. Nikaingia nyumba ya kwanza, hamjambo, hatujambo, mumeamkaje, twashukuru, na mama je, na watoto, na mguu wa babu, na yule wa Lamu aliyejifungua, mara chai ikaja, na mkate wa sinia juu yake, na kila nikitia mkono mkobani nitoe fomu naona haya, nitaanzaje kumuuliza mtu habari za silaha na mdomo wangu umejaa mkate wake? Nikaaga. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Siku nne nilizunguka, kutoka Ndia Kuu mpaka karibu na Feri, nikanenepa, na fomu zote nyeupe pe.

Siku ya tano shangazi yangu, Bi Fatuma, ninayeishi kwake, akanikuta nalia jikoni.

"We mtoto, kwani wanataka uulize nini?"

Nikamsomea swali. Hakufikiri hata kidogo, alikuwa akisukuma chapati.

"Hao? Hao ni kama mimi na Zuhura, jirani yetu wa nyumba ya pili. Mwaka wa saba huu twagombania mtaro, yeye asema wake, mimi nasema wangu, na maji yake machafu yanipitia mlangoni. Lakini sukari ikiniishia natuma kwa nani? Si kwa Zuhura? Watapatana siku mtaro utakapoziba, maana utawanukia wote wawili."

Nikaona hilo ni jibu. Nikaliandika kwenye fomu ya kwanza. Halafu (hapa ndipo shetani alipovuta kiti akakaa) nikaliandika kwenye ya pili. Kwenye ya tatu nilimfanya shangazi kuwa mzee wa miaka sabini mwenye ndevu. Kwenye ya tisa alikuwa nahodha mstaafu. Kufika ya ishirini mkono umekufa ganzi, na shangazi yangu amekuwa mji mzima.

Daktari alizisoma zote, akavua miwani. Nilijua nimekamatwa.

"Mwanaisha," akasema polepole, "wote? Wote wametaja mtaro?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi hii ndiyo fikra ya watu wa pwani! Na hakuna mtaalamu aliyewahi kuigundua!"

Wallahi hapo ningesema. Nilifungua mdomo, nikakiona kile kiti kimeshaletwa, kiko pembeni, bado kimevikwa nailoni. Nikaufunga.

Ripoti ikazinduliwa katika ukumbi mmoja huko Mbaraki. Walikuja wageni wenye tai, mmoja kutoka kila nchi katika zile mbili, wakakalishwa mbalimbali kama maharusi wasiopendana. Na Daktari, kwa wema wake, akaalika mtaa mzima uje kushukuriwa. Shangazi alikuja na buibui jipya. Bi Zuhura naye alikuja, akakaa safu ya mbele yake.

Ukutani yakatokea maandishi makubwa: Nadharia ya Mtaro. Daktari akaanza kusoma. "Nahodha mmoja mstaafu anatuambia, mwaka wa saba huu twagombania mtaro..." Mimi, niliyekuwa nawatilia wageni chai, nikajibanza nyuma ya birika kubwa. "Na mama mmoja muuza viazi karai anasema, maji yake machafu yanipitia mlangoni..."

"Nahodha gani huyo?" Ni shangazi, na sauti yake haijui kunong'ona. "Si maneno yangu hayo!"

Bi Zuhura akageuka taratibu. "Yako? Kumbe ndiwe ulonipeleka kwa mabalozi? Maji machafu ya nani, Fatuma?"

"Yako!"

"Mtaro ule aliuchimba babangu!"

"Akauchimba mlangoni kwangu!"

"Akina mama, tafadhali," Daktari akasema, "huu ni mfano tu..."

"Mfano?" Bi Zuhura akamgeukia yeye. "Njoo uunuse huo mfano!"

Mgeni wa nchi moja akacheka, na wa nchi nyingine akacheka zaidi. Daktari hakucheka. Macho yake yalizunguka ukumbi mpaka yakalifikia birika.

"Mwanaisha. Uliwauliza watu wangapi?"

Ukumbi mzima ukageuka. Nikainua kidole kimoja.

Sikufukuzwa. Daktari alinuna wiki nzima, kisha akanipa fomu ishirini mpya, na sasa twaenda pamoja, mimi nasalimu, yeye auliza, na mkate tunakula sote. Lakini wale wageni waliandika wakimtaka yule mama wa mtaro, kwa hiyo kila Jumanne shangazi huja ofisini kuulizwa mambo ya ulimwengu. Bi Zuhura akasema haki gani hiyo kusikiliza upande mmoja, naye huja. Shangazi anakalia kiti changu, na hukizungusha. Bi Zuhura aliletewa kingine. Mimi nawatilia chai, kisha narudi kwenye ndoo.

Nimeapa sitajaza tena fomu ya mtu ambaye sikumuuliza. Nanyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni, mniambie kama mmewahi kufedheheka hivi, nitafurahi sana. Lakini kila mtu aandike yake mwenyewe. Mkimwachia mmoja awaandikie wote, mimi nitajua.