Njia Aliyonipimia Kisiba

Tii, tii. Mara mbili, halafu kimya. Ndivyo kilivyolia kifaa cha GPS cha mchumba wangu kila kilipofika mahali alipokitilia alama. Hata leo mizani ya dukani ikilia kwa kufanana nacho, shingo yangu hugeuka yenyewe.

Alikinunua kwa mpimaji wa mashamba ya chai aliyekuwa anastaafu. Kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, cheusi, kioo kidogo, kinatumia betri mbili kama za rimoti. Mimi nilikuwa na simu janja. Ndoto yetu ilikuwa moja, tena kubwa: kuongoza wageni wanaofika Tukuyu, tuwapeleke mlimani Rungwe na kwenye maziwa ya volkano, mpaka siku moja tuwe na kiofisi chenye bango. Rangi ya bango nilishaichagua, kijani cha majani machanga ya chai.

Tulichobishania ni hicho tu, simu au GPS. Yeye alisema kwa mvua hizi za kwetu simu haisikii kidole kilicholowa, na chaji inaisha hata jua halijawa la utosi, wakati betri zake zinauzwa kila kiduka. Mimi nikamwambia nani atamwamini kiongozi anayekodolea macho kitu kama redio ya mlinzi? Wageni wanataka ramani yenye rangi, wanataka picha hapo hapo.

"Hiyo simu yako ni mgeni kama wageni wenyewe," alinitania. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wakati huo posa ilikuwa imeshapokelewa nyumbani. Kwetu Wanyakyusa, ikishapokelewa, msichana anaanza kumwogopa baba mkwe. Usikutane naye njiani, usimtazame usoni, usimsemeshe, usikanyage uani kwake. Ukisikia kikohozi chake unaingia migombani mpaka apite. Wengi wameliacha jambo hilo, hasa mjini, lakini mzee yule hakuliacha. Kwa hiyo sikuwahi kufika kwao Kisiba. Mama mkwe nilimfahamu, tulikutana sokoni akanijazia maparachichi kwenye kikapu. Nyumba yao nilijua tu kwamba iko upande wa ziwani, ndani ya migomba. Na Kisiba ni nani asiye na migomba?

Kisha wageni wawili wakaomba kupelekwa ziwa Kisiba, na mchumba wangu alikuwa ameshikwa na homa. Alitoka nje ya chumba alichopanga mjini Tukuyu, amejifunika blanketi, akanipa kile kifaa chenye betri mpya.

"Njia nimeshaipima," alisema. "Ifuate yote, hata pale inapozunguka."

Nilidhani anakwepa tope. Nikakitumbukiza chini kabisa ya mfuko, nikatoa simu. Ramani nilikuwa nimeshaipakua, na ilikuwa nzuri jamani, ziwa limekaa pale kama kifungo cha bluu.

Tulipofika penye njia panda, kifaa kikalia ndani ya mfuko. Tii, tii. Wageni wakauliza kama nimebeba kuku. Tukacheka wote. Njia ya kushoto ilikuwa inazunguka bonde. Kwenye simu, ya kulia ilinyooka moja kwa moja. Tukaenda kulia.

Tuliingia kwenye migomba iliyofagiliwa ikang'aa, tukatokea uani kwa watu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Mgeni mmoja akampa mkono, akaniomba nimuulize migomba ile aliipanda lini. Nikamwamkia, nikasimama mbele yake, nikamtazama machoni kama ninavyomtazama mtu yeyote, nikamuuliza. Alinijibu vizuri tu, kwa Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake, kwamba ni ya baba yake. Nikamtabasamulia.

Ndipo yule mama wa maparachichi akatoka jikoni na beseni. Aliponiona akaliweka chini.

"Binti," alisema polepole, "huyo ndiye baba mkwe wako."

Mzee akageuza kigoda, akatazama ukuta. Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali.

Wageni niliwafikisha ziwani. Walipiga picha nyingi, na katika mojawapo nipo, natabasamu.

Washenga walirudi nyumbani kwetu baada ya hapo. Walianza na habari za mvua na bei ya chai, wakaja taratibu kwenye jambo lenyewe: mzee amevunja uchumba. Mama yangu akauliza kama hakuna namna ya kulisafisha kosa hilo. Wakasema namna ipo, ila mzee hataki. Mama akaenda kuwachemshia chai.

Mchumba wangu alikuja mwenyewe, amekonda kwa homa. Nilikuwa nikingoja aniambie kwamba atabishana na baba yake. Hakuniambia. Nikamuuliza kwa nini hakusema wazi kwamba pale ni kwao.

"Niliona haya," alisema. "Nikaona nikuzungushe tu, usijue hata kama umepita karibu."

Nikamrudishia kifaa chake. Hakukipokea.

"Baki nacho. Njia ile niliipima kwa ajili yako, mwingine haitamfaa."

Akaenda Mbeya kutafuta kazi, na mpaka leo hajarudi.

Wageni bado nawaongoza, na ndoto ya bango bado ninayo, msinicheke. Kwingine kote natumia simu. Kisiba naenda na kile kifaa. Juzi nilikwenda peke yangu kuangalia kama mvua imebomoa njia. Nilishika ya kushoto, nikazunguka bonde kama alivyozunguka yeye, na katikati ya mzunguko, mahali ambapo hakutarajia nikutane na mtu, nikasikia kikohozi. Mzee alikuwa anapanda kutoka mtoni, panga begani, anakuja upande wangu.

Mimi si mkwe wa mtu. Ningeweza kusimama nikamwamkia kama mtoto yeyote wa vijiji vya Suma au Nkunga.

Niliingia migombani, nikachuchumaa, nikavuta kanga mpaka usoni. Alama ya mbele ilikuwa karibu, kwa hiyo nikakitoa kifaa mfukoni nikakizima, kisije kikalia. Nyayo zake zikapita. Nikabaki nimeinama mpaka zikaisha kabisa.