Amesema Amesikia

Kwenye karatasi ya matembezi niliandika vituo vitano kwa mkono wangu: soko, maduka ya zamani, boma, maporomoko ya maji, na mwisho chakula cha mchana nyumbani kwa mama mdogo. Vituo vinne vya kwanza havikuwa na uwezo wa kunikataa. Cha tano sikuwa nimekiomba ruhusa.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Makambako. Makambako ni mji wa njia panda, na mtu asiyejua pa kwenda anaweza kukaa pale miaka akaonekana kama anasubiri gari. Wiki ile tulikuwa na walimu wastaafu watano kutoka Dar es Salaam, waliokuja harusini. Walikuwa na siku moja ya ziada, wakataka kutembezwa mji wa zamani wa Njombe na kuonja vyakula vya huko. Mwenye nyumba aliniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu, anayepika kwake, siyo hotelini.

"Yupo," nikasema. "Mama yangu mdogo. Anagema na ulanzi wa mianzi mwenyewe."

Nilisema hivyo kama mtu aliyemwona Jumapili iliyopita. Kumbe nilikuwa sijakanyaga kwake miaka sita.

Mama yangu na mama mdogo waliishi nyumba moja, na mama alipolazwa hospitali ya Ikonda, mama mdogo ndiye aliyekwenda kukaa naye. Mimi nilikuwa Tunduma, na kila waliponipigia simu nilisema nakuja kesho. Nilifika siku ya mazishi. Siku ya pili alfajiri, watu wakiwa bado wamelala uani na tanga halijaanuliwa, nilichukua begi langu nikaondoka bila kuaga. Moyoni nilijiambia kuna mzigo unanisubiri mpakani. Hakukuwa na mzigo wowote. Baada ya hapo nikahamia Songea, kisha Ludewa, kisha nikarudi hadi Makambako, mwendo wa saa moja tu kutoka kwake, na hapo miguu ikagoma.

Namba yake niliyokuwa nayo haikupatikana. Nikatuma ujumbe kwa mama mmoja anayeleta viazi Makambako, jirani yake. Nilimwomba amwambie kwamba Alhamisi nitakuja na wageni watano, wale chakula chake na kuonja ulanzi wa asubuhi. Keshokutwa yake nilimfuata sokoni kabla hajashusha magunia.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi. Akaendelea kupepeta maharage yake."

Nililala na neno hilo siku tatu. Mtu anayekubali husema karibuni. Anayekataa hutafuta sababu, anasema ana mgonjwa au ana kikao cha kanisa. Aliyesikia amesikia tu.

Alhamisi ilianza na ukungu. Tulipofika Njombe ulikuwa bado umekaa juu ya mabati, na walimu walijifunga makoti ya kuazima wakilalamika kwamba hawakuambiwa kuna baridi namna hii Tanzania. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mfupi aliyefundisha historia maisha yake yote. Alitembea na mwavuli uliofungwa, na alipotaka kuuliza kitu aliuelekeza kwenye kitu chenyewe, kama anaonyesha ramani ubaoni.

Sokoni tulianza na mama anayeuza togwa kwenye ndoo nyeupe. Alikoroga, akachota kidogo, akanywa yeye mbele yetu, kisha ndipo akajaza kikombe cha mgeni wa kwanza.

"Mbona anatutangulia?" mwalimu wa historia akauliza. "Ana kiu kuliko sisi?"

Hilo nililijua, nikafurahi kulijua. Nikawaeleza kwamba huku kwetu kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenye nyumba hajaonja. Anakunywa ukimwona, ndipo anakupa. Ukimpa mgeni kikombe ambacho hakijaonjwa na mtu wa nyumbani, ni kama umemwambia ajihadhari nacho.

"Sumu," akasema mwalimu mmoja, mzee mrefu wa hesabu.

"Siku hizi ni heshima tu, mwalimu."

"Heshima iliyoanza na sumu," akasema mwalimu wa historia, akanywa togwa yake yote.

Tulikula maparachichi kwa chumvi tukiwa tumesimama, halafu nikawapeleka kwenye maduka ya zamani, yale yenye baraza ndefu na milango ya mbao ya kukunja. Pale nilisema sana. Nikawaonyesha palipokuwa na fundi cherehani aliyenishonea sare ya kidato cha kwanza, na palipokuwa na duka la mafuta ya taa ambako mama alinituma na chupa. Nilionyesha pia mti uliokatwa, ambao chini yake mtu mmoja alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma. Nikitembea kwenye mitaa ile naona vitu viwili viwili, na kile kisichokuwepo ndicho ninachokiona vizuri zaidi.

Mwalimu wa historia alisimama.

"Kijana," akasema. Nina miaka arobaini na tano. "Kila kitu chako kilikuwa. Kilichopo ni kipi?"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, nikatazama saa. Saa nne na nusu. Karatasi ilisema saa sita na nusu kwa mama mdogo.

Bomani mwalimu huyo aliniuliza kuta zile nene zilijengwa lini.

"Zamani sana, mwalimu."

"Zamani siyo jibu. Zamani ni jina la heshima la sijui."

"Basi sijui."

"Hapo sasa tunaelewana."

Siku nyingine ningeumia. Siku hiyo maswali yake yalinisaidia, kwa sababu kila alipouliza nilisahau kidogo mlango uliokuwa mbele yetu. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno. Kama mlango umefungwa, nitasema mama ameitwa msibani. Kama yupo na ametufukuza, nitasema ni mgonjwa, wazee wanabadilika. Kisha nikajikuta namsingizia ugonjwa mtu aliyemuuguza mama yangu, nikaona haya peke yangu pale bomani.

Kwenye maporomoko niliwaweka muda mrefu kupita kiasi. Nikawazungusha upande wa juu, nikawashusha tena, nikawapiga picha mmoja mmoja, halafu wawili wawili. Matone yalilowesha miwani ya mzee wa hesabu mpaka akaivua.

"Kijana," yule mama akasema, "maji tumeshayaona. Yanakwenda chini. Chakula kiko wapi?"

Basi nikatangulia.

Njia ya kwake inapanda kati ya mashamba ya viazi, kisha kuna mianzi, kisha nyumba. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya udongo utelezi, nikampa mwalimu wa historia mkono. Kutoka kwenye mianzi niliona moshi unatoka jikoni. Moshi hauthibitishi kitu, mtu hupika chakula chake mwenyewe. Nikahesabu viti uani: vitano, na benchi. Viti vitano vilikuwa vya wageni watano. Benchi lilikuwepo siku zote, hata siku za msiba lilikuwa pale pale.

Mama mdogo alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amepungua. Aliwapokea walimu mmoja mmoja kwa mikono miwili, "Kamwene, kamwene," akawauliza safari, baridi, nyumbani wameacha wazima. Walimu walijaribu kuitikia kwa Kibena wakachekana. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, akiangalia viatu vyangu. "Una matope."

Akarudi jikoni.

Alileta maji ya kunawa, kisha chakula: viazi vya kuchemsha na maganda yake, viazi vingine vimepondwa na maharage, majani ya maboga yenye karanga. Walimu walikula bila kuzungumza, na kwa walimu hiyo ni sifa kubwa. Nilikaa kwenye ncha ya benchi. Chakula kilikuwa kile kile, chumvi ile ile kidogo. Nilikuwa nasubiri sauti yake. Sikujua itasema nini, ila nilijua atasema mbele ya wageni, kwa sababu mtu aliyenyimwa maneno miaka sita hachagui mahali.

Badala yake alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na mbeta, ule mwanzi unaofungwa kwenye chipukizi la mwanzi hai ili udondoshewe ulanzi. Ulanzi wenyewe ulikuwa wa asubuhi ile, mtamu, haujachacha, ambao hata wazee wa kanisa hunywa bila kuangalia nyuma. Alikuwa na kikombe kimoja cha bati. Akakijaza hadi ukingoni, akanipa mimi.

Hakuonja.

Niliwaeleza wageni desturi hiyo asubuhi ile ile, kwa sauti ya mtu mwenye kujua. Sasa kikombe ambacho hakikuonjwa kilikuwa mkononi mwangu. Nikajua amejibu. Hakuhitaji kunifukuza wala kupaza sauti. Alinipa kikombe kisicho na heshima, mbele ya watu niliowafundisha maana yake. Sikuweza kukinywa na sikuweza kukirudisha. Nikafanya jambo la mwendesha matembezi: nikageuka, nikampa mwalimu wa historia.

"Karibu, mwalimu."

Hakukipokea. Aliweka mwavuli magotini akanitazama.

"Nani ameonja?"

Mzee wa hesabu akaacha kutafuna.

"Mwalimu yuko sawa," mama mdogo akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Alikuwa akizungumza na mwalimu, siyo na mimi. "Wageni wangu ni ninyi. Huyu ni wa nyumba hii. Nimempa aonje, awape. Mimi kifua hakinitaki na vitu baridi." Akakitazama kikombe. "Lakini naona amegawa. Labda na yeye amekuja kama mgeni."

Sikuwahi kuona kikombe kizito namna ile. Nilikipeleka mdomoni, nikanywa, wote wakiniangalia, mwalimu kwa makini kama anasahihisha mtihani. Ulanzi ulikuwa mtamu na wa baridi, una harufu ya jani bichi. Nikapangusa ukingo, nikampa mwalimu. Safari hii akapokea.

"Sasa," akasema, "huyu tunaweza kumwamini. Nusu."

Walicheka. Mama mdogo hakucheka. Kikombe kikazunguka, mimi nikijaza, naonja, nagawa, mpaka mbeta ikaisha. Kazi hiyo ilinipa mahali pa kutazama.

Saa nane niliwasindikiza hadi barabarani, gari lilikokuwa linasubiri. Nilikuwa nimekwisha shika mlango wa mbele ili nipande. Hapo ndipo mama mdogo, aliyetufuata nyuma akiwa na mfuko wa maparachichi ya wageni, aliponisemesha mara ya pili siku hiyo.

"Mianzi ya mchana haijagemwa."

Nikageuka.

"Mgongo wangu haukubali tena kuinama mara mbili kwa siku," akasema. "Kama una haraka, nenda. Unajua kwenda."

Walimu walikuwa wote ndani, wanatazama mbele kwa adabu. Nikamwambia dereva anajua njia, awafikishe Makambako salama, mimi nitafuata kesho. Neno kesho lilipotoka nilimwona mama mdogo amelisikia. Mwalimu wa historia akashusha kioo.

"Kijana," akasema, "hiki kituo cha tano usikiandike chakula."

Gari likaondoka.

Tulirudi juu, yeye mbele. Alipofika uani akakaa kwenye kiti kimoja cha wageni, akanyoosha miguu.

"Siku ile uliondoka hatujamaliza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tulikuhesabu kwenye chakula. Siku tatu nilikuwa nakuhesabu."

Kichwani nilikuwa na hotuba ya miaka sita, na haikuwa na hata mstari mmoja wa kumjibu mtu aliyenihesabu kwenye chakula.

"Sitaki maneno leo," akasema. "Mianzi inakauka kidonda isipokatwa upya. Kisu kipo pale pale."

Nikaingia jikoni. Nilikuwa nakumbuka kila duka la mji huu lililofungwa na kila mti uliokatwa, na sikukumbuka kisu cha kugemea kilikaa wapi. Nikapapasa juu ya mlango, kwenye boriti. Masizi tu. Nikapapasa upande wa pili, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nilijua ananisikia nikihangaika, na niliogopa kuuliza.

"Juu huko nani alikiweka?" sauti yake ikaja kutoka uani. "Mama yako alikuwa mfupi."

Nikainama. Nyuma ya mtungi wa maji, kwenye ufa wa ukuta, usawa wa kiuno changu, mpini ulikuwa umejitokeza. Ulikuwa umelainika kwa mikono. Nikauchomoa, nikatoka nao kwa mlango wa nyuma kuelekea mianzi, nikiwa sijui kama nitakata inavyotakiwa, na nikiwa najua kwamba kabla ya jioni atakuja kukagua.