Baba Amosi Atasubiri Jibu Langu na Kiu Yake

Majina niliyoyatumia hapa si ya kweli, na langu naomba mlifiche. Mimi ni mstaafu wa miaka sitini na mitatu, ninaishi Kibondo. Nina kigugumizi tangu utotoni.

Mwanangu mkubwa alinipeleka Mwanza kwa mtaalamu wa usemi. Nilijifunza kuvuta pumzi na kulianza neno taratibu. Tulipoagana mtaalamu aliniambia, "Mzee, kazi iliyobaki ni mazoezi ya nyumbani, kila siku. Na mara mojamoja jikwamishe kwa makusudi mbele za watu, ili woga ufe."

Nilitii. Kila asubuhi nilimsomea mke wangu kwa sauti huku akichambua maharage. Dukani niliuliza bei za vitu nisivyovihitaji. Nikawa mtu wa kuongea.

Kisha ikaja harusi moja Kasulu. Nilisimama kuwasalimu wageni, nikakwama kidogo. Kabla sijavuta pumzi, Baba Amosi, mfanyabiashara wa mbao niliyesoma naye, alininyang'anya kipaza sauti. "Jamani, nani ana betri? Redio ya mzee inakwaruza!" Ukumbi ukaangua kicheko. Akaongeza, "Kaa, mzee mwenzangu, nitakumalizia."

Nikakaa. Tangu siku ile niliacha kusoma, na simu ikilia nilimpa mke wangu. Kigugumizi kikarudi chote. Ilinibidi nianze upya kama mtoto.

Sasa Amosi, mwanawe, anataka kumwoa binti yangu Neema, na Neema anampenda. Jumamosi baba yake analeta posa. Katika ukoo wetu, pombe ya ndizi huwekwa mbele ya wageni, na hakuna anayeigusa mpaka baba wa binti ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Mgeni akimkatiza, posa imevunjika.

Basi nimeamua kujikwamisha katika kila neno. Baba Amosi ataketi akitokwa jasho, pombe iko mbele yake, akitamani kunimalizia asiweze. Akithubutu, ameivunja posa ya mwanawe kwa mdomo wake.

Mke wangu ameniuliza, "Baba Neema, unamkomoa yeye au unamkomoa mwanao?" Nilimjibu kwamba nafuata maagizo ya mtaalamu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka nikacheka peke yangu. Lakini jana mchana nilitaka kumwita Neema aje kula, jina lake likanikwama kooni, na sikuwa nimekusudia. Alisimama mlangoni akanisubiri. Hakunimalizia.

Msinifundishe kusamehe, sikuuliza hilo. Ninachouliza ni hiki: nimkaushe koo mtu yule, hata kama usemi wangu utaharibika tena na binti yangu atamkosa mume, au nimjibu kwa sentensi moja iliyonyooka, nikimtazama machoni mpaka ainamishe kichwa? Nishaurini kabla ya Jumamosi, nifanye lipi?