Kumpima Mama Mkwe Presha ya Macho

Mimi ni mtu wa ziwani, nimeoa kijijini Gesima, na kazi yangu ni kupima macho katika kliniki moja mjini Kisii. Huko ukweni, mama mkwe hampi mkono mume wa bintiye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani yeye ndiye anayempisha. Miaka yote mama mkwe wangu akiniona tu, huyo, anatumbukia kwenye michai mpaka nipite. Kinachobaki kuonekana ni kikapu chake, nami nilizoea kukisalimia.

Desemba moja nilitokea ubavuni mwake penye njia panda, akitoka kupeleka majani ya chai. Hakunipisha. Alikuja moja kwa moja akanigonga bega, kikapu kikaruka. Alipotambua ni nani, alipiga yowe akajifunika uso kwa leso. Shemeji zangu walicheka wakasema mama amekuwa wa kisasa. Mimi sikucheka. Presha ya macho huanza kuiba uwezo wa kuona pembeni, taratibu, bila maumivu, mpaka mtu anaanza kugonga vitu. Niliogopa sana.

Kifaa changu cha kupimia presha hiyo ni kidogo, cha kushikwa mkononi. Unakiegemeza kwenye paji la uso, kijiti chembamba kinatoka na kugusa jicho kidogo tu, kinarudi, nambari inatokea. Hakiumi. Taabu yake ni kwamba mpimaji na mpimwa wanakaribiana hadi wanapumuliana. Nilipomwambia mke wangu kwamba nitampima mama, alinitazama kana kwamba nimesema nitambeba mgongoni.

"Ambia huyo bwana yako macho yangu haina shida," mama alijibu kutoka jikoni, ingawa nilikuwa mlangoni nikisikia kila neno. "Na hata kama iko, si yeye ataniangalia."

Kwenda kwa wenzangu mjini pia alikataa, eti chai inachumwa.

Mke wangu ni fundi wa cherehani, mkono wake hautetemeki. Nikaamua kumfundisha. Jioni nyingi nilikuwa mgonjwa wake: alinigusa kope, nyusi, mara moja pua, huku akinikaripia kwamba ninapepesa makusudi. Hatimaye alijua, tena vizuri.

Tuliporudi Gesima, mama aliketi kwenye kigoda jikoni, binti yake mbele yake, nami nje nyuma ya ukuta nikielekeza.

"Mwambie mama atazame mbele, mbali kabisa," nikasema.

Kifaa kikalia mlio wa kukosea. Tukajaribu tena, kikakosea tena.

"Anaangalia chini!" mke wangu akalalamika. "Mama, inua macho."

"Nitainua aje na mkwe anaongea?"

Kumbe kila nilipofungua mdomo, heshima ilimshusha macho. Mtaalamu mzima nikafukuzwa hadi migombani na kuamriwa ninyamaze. Nilikaa huko na kuku, nikisikiliza mlio wa kifaa kwa mbali, nikimwomba Mungu niwe nimekosea.

Sikuwa nimekosea. Mke wangu alikuja na kifaa mkononi, uso umemsawijika. Presha ya macho yote mawili ilipita thelathini, na sisi hutaka iwe ishirini au chini ya hapo. Nilimwambia ukweli: kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa tusipochelewa. Alirudi jikoni akamweleza mama kwa Kikisii. Kisha nikasikia sauti ya mama, kwa Kiswahili ili nami nielewe:

"Basi mnipeleke. Mimi nataka kuona majani nachuma."

Tulimpeleka, akapewa dawa ya matone na kufundishwa kugeuza kichwa huku na huku anapotembea. Tangu hapo mke wangu humpima kila tukienda, nami huenda migombani kwangu bila kuambiwa. Nambari zimeshuka.

Mwezi uliopita nilikuwa nikishuka njia ileile. Nilimwona kwa mbali, kikapu mgongoni, akigeuza kichwa kulia, kushoto, kulia. Akaniona. Huyo, akatumbukia kwenye michai kama zamani. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, machozi yakinitoka, mpaka kikapu kikaniuliza:

"Mkwe, unangoja nini? Pita!"